Kizibo cha Tanki la Kushoto

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza daftari hili kwa agizo la dada Aikande. Anasema afisa usalama asiyeandika mambo yake mwenyewe hana uso wa kuwaambia mafundi waandike ya kwao. Haya, nimeandika.

Leo Umoja umeanza rasmi. Kampuni nane za ndege ndogo, za hapa, za Kenya, Uganda na Rwanda, zimekubali kuambiana makosa. Zamani ndege ikikorofisha kwa wenzetu, sisi wa Kisongo, hapa uwanja wa ndege wa Arusha, tulikuja kusikia baada ya mwaka, tena kama umbea, na umbea haumfundishi mtu kitu. Sasa fundi au rubani akikosea anajaza fomu, anaitia kwenye sanduku langu. Mimi natoa jina lake, jina la kampuni na namba ya ndege, kisha napeleka kwa dada Aikande, katibu wa Umoja, ofisini kwake Njiro. Yeye anatengeneza muhtasari unaokwenda kwa wote. Anayelijua jina ni mimi peke yangu. Wakurugenzi wote wanane wametia saini kwamba mtu hataadhibiwa kwa kosa alilolisema mwenyewe. Bosi wetu, Ndesanjo, alisaini wa mwisho, kwa kalamu ya kuazima.

Sanduku nimelipigilia ukutani pale karakana. Mafundi wamelitazama kama vile limetoka kituo cha polisi. Mvua bado, ila Mlima Meru umejifunika mawingu tangu jana.

Alhamisi, 6 Machi

Ripoti: hakuna. Ndani ya sanduku nimekuta maganda ya karanga. Mwezi wa mfungo huu, na mimi ndiye wa kuyasafisha.

Jumanne, 11 Machi

Masika imeingia kwa fujo. Njia ya kutoka barabara kuu mpaka getini ni tope tupu. Ripoti moja, ya kwanza kabisa: rubani Aristides ameandika kwamba wiki iliyopita aliruka na mlango wa mizigo ambao haukufungwa sawasawa. Nilimpigia dada Aikande, akacheka kwa furaha. "Umeona, mdogo wangu? Mmoja akifungua mdomo wengine watafuata." Huyu ndiye aliyenifundisha kazi hii miaka tisa iliyopita, nilipokuwa binti wa kukata tiketi. Akisema jambo huwa naliamini bila kuligeuza.

Ijumaa, 14 Machi

Asubuhi ndege ya abiria kumi na wawili iliondoka kwenda Serengeti ikiwa na watalii watano. Dakika kumi baadaye Aristides aliita mnara, anarudi. Injini ilikuwa imekohoa mara mbili juu ya Monduli. Alitua salama. Watalii walishuka wakipiga picha, hawakujua kitu. Aristides alishuka wa mwisho, akashika bawa kwa mkono mmoja, akakaa hivyo muda mrefu.

Maji kwenye mafuta. Kila mtu anasema muuza mafuta ametuletea machafu. Nimefuturu bila hamu.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike hili taratibu, maana nataka nilikumbuke jinsi lilivyokuwa.

Saa sita mchana alikuja Lemburis ofisini. Ni fundi wetu mkuu, miaka kumi na minane kazini, Mwarusha wa hapa hapa Kisongo, mzee wa kanisa. Nina umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho lakini huniita dada, na mimi humwita kaka Lemburis. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Dada Hafidha, yale mafuta hayana shida."

Nikamwambia akae. Hakukaa.

"Alhamisi jioni nilijaza mimi. Tanki la kushoto. Jana ndege iliporudi nikapanda juu ya bawa kabla ya mtu mwingine, nikakuta kizibo kimekaa tu, hakijafungwa. Mvua ya usiku wote ile imeingia. Nikakifunga. Hakuna aliyeniona."

Nilimwuliza ilikuwaje, mtu kama yeye.

"Rika letu liliniita, wale tuliotahiriwa pamoja. Kulikuwa na kikao saa kumi na moja, mwenzetu amegombana na kaka yake kwa ajili ya mpaka wa shamba. Rika likikuita huwezi kusema nina kazi. Ukichelewa unatozwa kondoo, na kinachouma si kondoo, ni kusimamishwa mbele ya wenzako. Simu ilipigwa nikiwa juu ya bawa. Nikashuka mbio. Nilidhani nimefunga."

Sasa niseme ukweli: angeweza kunyamaza. Muuza mafuta angebeba lawama na mambo yangeisha. Nilimwambia hivyo, nikamwonyesha pia fomu. Nikamwambia kuna vizibo kama hicho kwenye ndege za kampuni zote nane, na kila mahali mvua inanyesha.

"Jina langu?"

"Halitoki hapa mezani. Nakuahidi."

Akaishika fomu. "Kwetu mtu akija mwenyewe na kosa lake mbele ya rika, anatozwa faini, wanaila pamoja naye, basi. Atakayelitaja tena baadaye anatozwa zaidi yake. Na kwenu ni hivyo?"

"Ni hivyo," nikasema.

Akavuta kiti, akaandika. Mwandiko wake mkubwa, kama wa mtoto wa darasa la tatu. Alipomaliza aliniuliza kama naweza kumtengenezea chai, akakumbuka nimefunga, akaomba radhi mara tatu.

Jumatatu, 17 Machi

Nimefuta jina, kampuni, namba, tarehe, hata Monduli. Nikabaki na neno moja, rika. Fomu inauliza sababu ya haraka, na sababu ndiyo funzo lenyewe. Nikiandika "alikuwa na haraka", nani atajifunza nini? Kila kampuni ina watu wanaoitwa na kitu wasichoweza kukikataa. Nikaandika: fundi aliitwa na kikao cha rika lake. Nikasema moyoni, mtu wa Kigali atajuaje rika ni la nani. Dada Aikande atajua, lakini dada Aikande ni wa kwetu. Nikatuma.

Jumanne, 25 Machi

Muhtasari umetoka. Umeandikwa vizuri sana. Dada Aikande ameliondoa lile neno, ameweka "aliitwa kwenye shughuli ya kijamii". Nikaona, kumbe ni mwangalifu kuliko mimi. Ushauri ni kwamba kizibo kikifungwa na mmoja, wa pili apande juu akakishike kwa mkono wake.

Ijumaa, 28 Machi

Simu kutoka Kisumu! Mkaguzi wa kampuni mwenzetu huko, bwana Ezra, alisoma muhtasari, akawapandisha mafundi wake kwenye mabawa siku ileile. Wamekuta vizibo viwili ambavyo mpira wake umeliwa, ukivifunga vinalegea vyenyewe. Ndege moja ilikuwa iondoke kesho na watoto wa kwaya. "Mwambie huyo mtu wako, sijui ni nani na sitaki kujua, mwambie asante," alisema.

Nilimpelekea Lemburis salamu hizo nyuma ya karakana. Aligeuka pembeni, akajifanya anatafuta bisibisi.

Jumatatu, 31 Machi

Idd. Mvua, pilau, wageni. Mama amenikataza kutaja neno ndege leo.

Jumanne, 8 Aprili

Ripoti sita kwa wiki moja. Gadiel, fundi msaidizi, ameandika mbili peke yake na anajisifu, anasema mwezi huu atakuwa bingwa wa kukosea. Lemburis akamjibu, "Subiri kwanza uwe na kazi za kutosha kuziharibu." Karakana nzima ilicheka. Watalii hakuna, ndege tatu zimefunguliwa matumbo, mvua inapiga bati mpaka tunaongea kwa kupaza sauti. Sijawahi kuipenda kazi yangu kama leo.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua. Ripoti mbili. Bosi amekwenda Njiro mara mbili wiki hii, kikao cha Umoja, anasema.

Jumatano, 16 Aprili

Lemburis ameachishwa kazi.

Barua inasema kampuni inapunguza wafanyakazi kwa sababu ya msimu. Masika huwa kweli tunapunguza, lakini tunapunguza madereva na wahudumu, hatujapata kupunguza fundi mkuu, tena wakati ndege tatu ziko wazi. Alikusanya vifaa vyake polepole, kila spana akaifuta na kitambaa. Nilikwenda kumpa mkono. Alinipa wake, mkavu. "Haya, dada," akasema, na hakuniangalia. Nilidhani ni uchungu tu wa barua.

Saa nane nikapanda kwa bosi.

"Shikamoo, bosi."

"Marahaba. Kama umekuja kwa ajili ya Lemburis, barua imeeleza."

Nikamwuliza nani atasaini kwamba ndege zile tatu ni salama kuruka. Akasema ameshapata mtu kutoka Dar. Nikamwambia Lemburis ana miaka kumi na minane hapa. Ndesanjo alikuwa anasoma simu, akajibu bila kuinua kichwa.

"Basi amepata nafasi. Akahudhurie vikao vya rika lake mpaka achoke."

Nilishuka ngazi. Nilifika chini ndipo nikaelewa nilichosikia.

Alhamisi, 17 Aprili

Jana sikulala vizuri, na asubuhi nikatoa muhtasari nikausoma tena kwa kidole, kama naweza kuwa nimekosea. Shughuli ya kijamii. Neno rika halimo. Aristides hakujua kuhusu kikao, muuza mafuta hakujua, Gadiel alikuwa likizo siku ile. Neno lile lilikuwa mahali pawili tu: kwenye karatasi niliyotuma, na kwa aliyeipokea.

Nikapanda bodaboda mpaka Njiro na mvua yake. Nilifika nimelowa, mhudumu akaniletea taulo. Dada Aikande alinikaribisha kama kila siku, akanifutia kiti.

"Dada, ulimwambia."

Hakuuliza nani wala nini, na kwa hilo tu nikajua.

"Kaa kwanza, mdogo wangu."

"Nimekaa tangu Machi."

Akafunga mlango. Alisema kwa sauti ileile ya upole aliyonifundishia. Ndesanjo alikuja kwake akiwa amevimba. Alikwishahisi kwamba ile ripoti ya kizibo ni ya ndege yake, akataka ajue fundi, la sivyo anajitoa. Akijitoa yeye, kampuni mbili za hapa zinamfuata, na Umoja unakufa haujamaliza mwezi wa pili.

"Ningefanya nini? Ningeacha watu wote hao waanze tena kufichana, kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ulimpa jina?"

"Jina sikumpa. Jina lenyewe silijui, ulilifuta. Nilimwambia tu kwamba aliitwa na rika."

Alilisema hilo kama mtu anayeonyesha mikono yake ni misafi. Kampuni nane, mafundi zaidi ya sitini, na anayeacha kazi kwa sababu rika limemwita ni mmoja tu. Dada Aikande ni Mmeru wa Akheri, amekua na Waarusha, mambo ya rika anayajua vizuri kuliko mimi mtoto wa mjini Kaloleni.

"Neno uliliandika wewe, Hafidha," akasema. "Hukujua kwamba mimi ni mtu wa hapa hapa, nitaelewa?"

"Nilijua. Ndiyo maana niliandika."

Kisha akasema siku moja nitakaa kwenye kiti chake na nitamwelewa. Nilimrudishia taulo lake limekunjwa. Nimelia kwenye bodaboda njia nzima, na namshukuru Mungu kwa mvua, dereva hakujua.

Naandika sasa na bado nina hasira kiasi cha kuitoboa karatasi. Miaka tisa. Nilikuwa nampelekea mwanamke huyu ndizi za mama kila Idd. Aliuchukua uaminifu wangu kwake, uaminifu uleule, akautumia kumfikia mtu aliyeniamini mimi. Na kinachonikera zaidi ni kwamba hakunidanganya hata sentensi moja. Mimi nami niliahidi kwa kinywa changu, kisha nikaacha mlango wazi kwa sababu ya kumwona dada ni wa nyumbani.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka ya wenzetu. Nilimpigia Lemburis kumtakia heri. Simu iliita mpaka ikakatika.

Jumatatu, 28 Aprili

Ripoti: hakuna. Wiki ya pili. Nikiingia karakana mazungumzo yanahamia kwenye mpira. Leo nilimkuta Gadiel ameinama chini ya gurudumu la mbele, ameng'ang'ania kuangalia kitu, uso umekunjamana. Nikamwuliza ameona nini.

"Sijaona kitu, dada."

"Gadiel."

"Sijaona kitu." Akafuta mikono, akaondoka. Nililala chini mwenyewe kwenye saruji na tochi, na mimi si fundi, sikuona chochote ninachokielewa. Nikamwomba fundi wa Dar aliangalie gurudumu. Akasema liko sawa, bila kuinama.

Ijumaa, 2 Mei

Ripoti: hakuna. Mvua: siku nzima.

Ijumaa, 9 Mei

Barua ya mwezi kutoka kwa katibu wa Umoja. Kituo cha Arusha kimepongezwa: mwezi wa Aprili umemalizika vizuri, na nusu yake ya pili haina tukio hata moja. Ndesanjo ameibandika ubaoni, ametumia pini nne.

Nimeketi nikaandika ripoti yangu. Jina la mtoa ripoti: Hafidha Jabiri, afisa usalama, Kisongo. Kosa: niliahidi kufichwa kwa jina nisiloweza kulificha. Sababu: nilimwamini katibu. Matokeo: fundi aliyesema kweli ameachishwa kazi, na tangu siku hiyo hapa hakuna anayesema kitu, kwa hiyo zile sifa za Aprili ni hatari, si afya. Nimewatumia wakaguzi wa kampuni zote nane, moja kwa moja, bila kupitia Njiro.

Jumatano, 14 Mei

Watu watatu wamejibu. Wawili wameandika "taarifa imepokelewa". Wa tatu ni bwana Ezra wa Kisumu, yule wa vizibo viwili. Amepiga simu mwenyewe. Hakuuliza jina, alisema tu kama mtu huyo bado hana kazi, kwao ipo. "Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtafuta."

Dada Aikande hajapiga. Bosi ameniambia kuanzia Juni narudi dirisha la tiketi.

Jumamosi, 24 Mei

Nimekwenda kwa Lemburis. Mvua imekatika siku ya tatu leo, mahindi yake yamefika kifuani. Mkewe, Nanyori, ndiye aliyenipokea. Aliniletea chai ya maziwa, akakaa nasi, akikwepa kuniangalia. Nilijua wanachofikiri, kwa hiyo nilianza na hilo. Nikaeleza yote: neno nililoacha, mtu niliyempelekea, alichokifanya. Nikasema, "Sikukuuza, kaka, lakini umeuzwa kupitia kwangu. Nisamehe."

Lemburis aligeuza kikombe mezani.

"Nilidhani ni wewe. Sasa najua si wewe peke yako. Uchungu umepungua kidogo."

Nikatoa habari yangu njema, nilikuwa nimeibeba tangu Kaloleni. Nikamwambia kuhusu Kisumu, kwamba wanamtaka kwa sababu ya ile ripoti, kwamba kuna watoto walisafiri salama kwa ajili yake. Nanyori alimtazama mumewe. Yeye akatikisa kichwa.

"Hao wananijua kwa kosa langu. Siku kitu kikiharibika pale, wataanza kwangu."

"Hawako hivyo, kaka. Bwana Ezra hayuko hivyo."

"Na huyu dada yako wa Njiro, ulikuwa umeniambiaje juu yake?"

Nikaweka kikombe changu chini.

"Nimepata kazi Mwanza," akasema. "Ndege za mizigo, hawamo kwenye Umoja wenu. Walinisaili wiki iliyopita. Wakaniuliza kama nimewahi kukosea kazini. Nikawaambia sijawahi." Alilitamka neno hilo kwa utulivu, kama mtu anayetaja umri wake. "Miaka kumi na minane, sijawahi. Wamefurahi sana. Imebaki wathibitishe tu. Nimewapa namba yako, dada Hafidha. Watakupigia Jumatatu."

Nilimwambia siwezi. Nikamwambia kazi yangu yote ni kutosema hivyo. Hakubishana nami. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanibebea mkungu wa ndizi ambao Nanyori alinifungashia kwa ajili ya mama, akasubiri mpaka nimepata gari.

"Uliniahidi jina langu halitatoka mezani," akasema. "Hii ndiyo njia iliyobaki ya kulirudisha."

Jumatatu, 26 Mei

Bwana wa Mwanza alipiga saa nne asubuhi. Sauti ya mtu mwungwana, mtu mzima. Alijitambulisha, akaniuliza habari za Arusha na mvua. Kisha akasema wanahitaji mtu wa kusaini ndege zao peke yake, hivyo wanauliza kwa makini: kwa muda wote niliofanya kazi na Lemburis, amewahi kusahau kitu, kuacha kitu wazi, kukosea?

Karakana ilikuwa kimya. Gadiel alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake, anasikiliza.

"Hapana," nikamwambia. "Hajawahi."

Alinishukuru. Alisema mafundi wa namna hiyo siku hizi hawapatikani.